Macbeth hakupitiwa na shetani

Na Mwandishi Wetu

UKIKAA siku chache kwenye mahakama zinazosikiliza kesi za mauaji kwa Kiswahili, kuna kauli moja hutachelewa kuisikia. Mshitakiwa anasimama kizimbani, anainamisha kichwa, anasema: "Mheshimiwa, shetani alinipitia." Mwingine atataja pombe, mwingine hasira, mwingine marafiki wabaya. Jaji anaandika. Ndugu wa marehemu wanaguna. Lakini hakuna aliyemo mle ndani mwenye uwezo wa kuthibitisha kama kweli shetani alipita usiku ule au hakupita, maana yale ambayo mtu huyo alijiambia moyoni kabla ya kunyanyua panga hayakuwa na shahidi.

Kuna mahali pamoja tu ambapo shahidi huyo hupatikana, napo ni jukwaani. Mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, William Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1564 na kufariki 1616, alikuwa na kawaida ya kuwaondoa wahusika wengine wote, akamwacha mmoja peke yake mbele ya watazamaji, akamfanya aseme kwa sauti yale anayoyawaza. Shuleni Kenya mbinu hiyo hufundishwa kwa jina la uzungumzi nafsia. Sisi wengine tunaiita tu kujisemea.

Mfanyabiashara anayevuka mpaka kila wiki, Rusumo, Kobero au Malaba, ataielewa mbinu hii upesi kuliko mwanafunzi wa fasihi. Mama mwenye mzigo wa vitenge ana kauli tatu. Iko anayompa ofisa wa forodha. Iko anayompa mtu aliyemkopesha mtaji. Na iko ya tatu, ile anayojisemea usiku basi likishazima taa na abiria wenzake wakianza kukoroma: hizi fedha si zangu, lakini nikizizungusha mara moja tu kabla ya kuzirudisha, nani atajua? Katika kauli mbili za kwanza mtu anaweza kumdanganya mwenzake. Katika ya tatu hana wa kumdanganya isipokuwa nafsi yake, na hapo ndipo penye utamu, kwa sababu mtu anayejidanganya mwenyewe hufanya kazi kubwa sana, na kazi hiyo huonekana.

Wale waliorejea kutoka Tanzania baada ya kusomea huko, majina ya Shakespeare si mageni kwao. Mwalimu Julius Nyerere, tena akiwa Rais, alitafsiri tamthilia mbili: Juliasi Kaizari iliyotoka 1963, akairudia na kuitoa upya 1969, na Mabepari wa Venisi, 1969. Mwaka 1968 Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilichapa Makbeth, tafsiri ya Samuel Mushi, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu anaweza kusema ni sadfa kwamba rais na mwanasayansi wa siasa ndio waliohangaika na vitabu hivi. Mimi sidhani. Kaizari na Macbeth ni habari za watu wanaoua ili watawale, au ili mwingine asitawale, na miaka ile ya mwanzo ya uhuru barani Afrika kulikuwa na sababu za kutosha za kutaka kujua mtu wa namna hiyo anawaza nini usiku.

Habari za Shakespeare zilikuwa zimefika Zanzibar zamani zaidi. Mmisionari Edward Steere alichapisha huko, katika miaka ya 1860, hadithi chache za Kiswahili zilizotokana na kitabu cha Charles na Mary Lamb, ambacho kiliwasimulia watoto visa vya tamthilia hizo kwa muhtasari. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini muhtasari una hasara yake. Ukimsimulia mtu kisa cha Macbeth bila yale anayojisemea, unabakiwa na taarifa ya polisi: mgeni alilala, mwenyeji akaingia na kisu, mgeni akafa. Hasara iko kwenye kile kinachoachwa nje.

Tuanze basi na kisa chenyewe, kwa ajili ya ambaye hajakisoma.

Macbeth ni jemadari wa Uskoti. Anatoka vitani akiwa shujaa, yeye na mwenzake Banquo. Njiani wanakutana na wachawi watatu. Wanamwita Macbeth kwa cheo alichonacho, kisha kwa cheo cha pili ambacho bado hajapewa, kisha wanamwambia atakuwa mfalme. Banquo anaambiwa kwamba yeye hatatawala, ila kizazi chake kitatawala. Mara wajumbe wanafika na kumpa Macbeth kile cheo cha pili. Mfalme Duncan, mzee mpole, anakuja kulala nyumbani kwa Macbeth. Mke wa Macbeth, ambaye amekwishapata barua ya mumewe, anapanga mauaji. Usiku huo Duncan anauawa kitandani. (Historia inasema vingine. Macbeth wa kweli alitawala Uskoti kuanzia 1040 hadi 1057, na Duncan wa kweli alifia vitani, wala hakuwa mzee. Shakespeare alichukua alichokitaka katika vitabu vya historia vya wakati wake na kingine akakitupa.)

Msomaji wa ukanda wetu atasema mara moja: basi huyu kalogwa. Wachawi watatu, njiani, jioni, mnataka ushahidi gani tena?

Ndiyo maana inafaa kusikiliza anachojisemea. Wachawi hawakutamka neno kuua. Hawakutaja kisu wala Duncan kulala kwake. Walisema atakuwa mfalme, basi. Picha ya mauaji inazuka kichwani mwa Macbeth mwenyewe, pale pale njiani, wakati wenzake wakiongea pembeni. Anashangaa mbona nywele zinamsimama na moyo unamgonga mbavuni. Anagundua kwamba ameshituka kwa wazo lake mwenyewe. Na yupo Banquo, aliyesikia unabii wa wachawi wale wale, akarudi nyumbani bila kumuua mtu. Kama ni uchawi, mbona ulimshika mmoja?

Nje ya chumba cha karamu

Onyesho ninalotaka tukae nalo zaidi ni la saba katika sehemu ya kwanza. Duncan yuko mezani anakula. Watumishi wanapita na vyombo. Katikati ya chakula mwenye nyumba anainuka, anatoka nje, anasimama peke yake. Kwa desturi za kwetu hilo peke yake ni aibu: mgeni mkubwa yuko mezani, mwenyeji kamkimbia.

Anasema mistari 28. Anaanza kama mfanyabiashara anayepiga hesabu. Kama jambo hili lingeishia pale linapotendwa, kama pigo moja lingefunga kila kitu na lisidai kitu kingine chochote hapa duniani, basi ya ahera angeyabahatisha tu. Angalia alivyokwisha kuuza. Kabla hajafika mstari wa kumi amekwishaiweka roho yake rehani, na haonekani kuisikitikia sana. Kinachomsumbua ni cha hapa hapa. Anajua kwamba anayefundisha wengine kumwaga damu hurudiwa na somo lake, na kwamba anayemchanganyia mwenzake sumu siku moja ataletewa kikombe kile kile. Hadi hapo ni woga wa kukamatwa. Hata mwizi wa kuku anao.

Lakini hesabu inaendelea, na hapa sauti yake inabadilika. Anajikumbusha kwamba Duncan ni ndugu yake. Ni mfalme wake. Tena ni mgeni wake, na kazi ya mwenye nyumba ni kumfungia mlango muuaji, seuze kushika kisu mwenyewe. Kisha anakiri jambo ambalo hakulazimishwa na mtu kulikiri: Duncan ni mtawala safi, hakuonea watu, na wema wake utamlilia kama malaika. Anaiona huruma katika sura ya mtoto mchanga aliye uchi akiwa juu ya upepo, na dunia nzima ikitokwa machozi.

Tafadhali tazama kilichotokea. Mtu aliyeanza na hesabu ya faida amefika kwenye kitoto kichanga. Hakuitwa huko na padri wala sheikh. Amejipeleka mwenyewe, neno kwa neno. Na anapomaliza anabakiwa na kitu kimoja tu upande wa pili wa mizani, anakitaja kwa jina lake: ni uchu wa kupanda juu, ambao anaufananisha na mtu anayerukia mgongo wa farasi kwa nguvu kupita kiasi akaangukia upande wa pili.

Sababu zote za kutoua ziko upande mmoja. Upande mwingine kuna tamaa, na mwenye tamaa anaijua kuwa ni tamaa. Mke wake anatoka, anamkuta, Macbeth anamwambia jambo lile tuliache. Lingeishia hapo. Mke anamwuliza kama yeye ni mwanamume. Haichukui dakika nyingi, Macbeth anarudi mezani akiwa amekubali.

Mwalimu mwenye haraka angewaambia wanafunzi kwamba mke ndiye mkosaji, na wapo walimu wanaofundisha hivyo. Mimi sikubaliani nao. Mke hakumjibu hata hoja moja kati ya zile alizojisemea, kwa sababu hakuzisikia. Hakusema Duncan ni mtawala mbaya. Hakusema mgeni hana haki. Alimgusa mahali pengine kabisa, kwenye uanaume wake, na mume hakumwambia kwa sauti hata nusu ya yale aliyokuwa nayo moyoni dakika mbili zilizopita. Alimwambia tu kwamba mfalme kampa heshima karibuni na watu wanamsifu. Habari ya malaika na mtoto mchanga aliificha. Watazamaji peke yao ndio wanaojua ni kitu gani kilichoachwa nje ya mazungumzo yale ya mume na mke.

Hiyo ndiyo nguvu ya kujisemea kwenye tamthilia. Inatupa kipimo. Tunausikia moyo, halafu tunausikia mdomo, na tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo taabu ya mtu.

Kisu kisichoshikika

Baadaye, saa za usiku, watu wamelala. Macbeth anamwagiza mtumishi akamwambie bibi apige kengele kinywaji kikiwa tayari. Anabaki peke yake. Anaona kisu mbele yake hewani, mpini umeelekea mkononi mwake. Anajaribu kukishika, anakosa. Bado anakiona. Anakiuliza kama ni kisu cha macho tu, au ni kitu kilichozaliwa na ubongo uliopata joto. Anachomoa kisu chake cha kweli, avilinganishe. Anatazama tena: sasa kile cha hewani kina damu, ambayo mwanzo haikuwapo.

Hapa ndipo wengi husema ameshapagawa. Nami nasema soma mistari inayofuata. Macbeth anajitibu mwenyewe. Anasema hakuna kitu kama hicho, ni ile kazi ya damu aliyonayo moyoni ndiyo inayoyachezea macho yake. Mganga hangeweza kusema vizuri zaidi. Na kitu cha kutisha ni kwamba kisu kile kinamwonyesha njia ambayo, kwa maneno yake, alikuwa anaiendea tayari. Kisha anaiomba ardhi isisikie nyayo zake zinakokwenda, mawe yasije yakamsema. Kengele inalia. Anakwenda.

Anaona maruerue na anajua kuwa ni maruerue. Anaogopa na anakwenda. Mtu wa namna hii hawezi kusimama kizimbani akasema hakujua.

Ikumbukwe kwamba maneno hayo ya usiku wa manane yalisemwa mchana kweupe. Tamthilia hii inadhaniwa kuandikwa mwaka 1606 hivi, na mganga mmoja wa London, Simon Forman, aliandika kwamba aliiona ikichezwa katika ukumbi wa Globe, mwaka 1611 kwa hesabu ya wataalamu. Ukumbi huo, uliojengwa 1599, ulikuwa wazi juu. Hapakuwa na taa za umeme za kumfichia mtazamaji sura. Watu wa senti moja walisimama uwanjani wakiizunguka jukwaa pande tatu, wengine karibu kiasi cha kuigusa miguu ya mchezaji. Kwa hiyo mwigizaji wa Macbeth aliposema anaona kisu, aliwasemea watu waliokuwa wakimtazama usoni, na wao wakaonana wao kwa wao wakisikiliza. Siri ya mauaji ilikuwa na mashahidi elfu na zaidi, na hakuna aliyepiga kelele kumwamsha Duncan. (Filamu zetu za Kiswahili nazo huwaonyesha watu wakiwaza kwa sauti, mara nyingi mhusika akiwa ameegemea ukuta na sauti inarudi kwa mwangwi. Tunacheka, lakini mama zetu mbele ya televisheni humjibu: "Usifanye hivyo, mwanangu!" Watu wa Globe wangemwelewa mama huyo.)

Maneno yanapopungua

Jambo ambalo halitajwi vya kutosha ni kwamba Macbeth, kadiri anavyoendelea kuua, ndivyo anavyopunguza kujisemea, na anachojisemea kinabadilika.

Kabla ya kumuua Duncan amesimama peke yake mara mbili, mara ya kwanza mistari 28, mara ya pili zaidi ya 30. Kabla ya Banquo anajisemea mara moja. Lakini humo hamna tena mtoto mchanga wala malaika. Hajiulizi kama amuue Banquo au asimuue. Analalamika. Anasema ameivunja amani ya moyo wake na kuitoa roho yake kwa adui wa binadamu, na faida yote itakwenda kwa watoto wa Banquo. Ni mtu anayehisi amepunjwa kwenye biashara. Banquo ni rafiki yake wa vitani, lakini urafiki huo hautajwi kama kizuizi. Anakodi wauaji.

Tunafika kwa Macduff, mkuu mwingine, ambaye ametorokea Uingereza. Macbeth anapopata habari hizo, anasema pembeni maneno machache, mistari kumi na kitu tu, na maana yake ni kwamba tangu leo moyo ukizaa jambo mkono utalitenda papo hapo, bila kulitazama kwanza. Yaani anakula kiapo cha kutojisemea tena. Onyesho linalofuata, mke wa Macduff na mtoto wake wanauawa nyumbani kwao.

Nadhani msomaji ameona. Mauaji ya kwanza yalitanguliwa na majadiliano makubwa ya nafsi, yakamuua mtu mmoja. Mauaji ya tatu hayakutanguliwa na majadiliano yoyote, yakamaliza mama, watoto na waliokuwamo nyumbani, watu ambao hawakuwa hata na njia ya kumdhuru. Taabu ya moyo, ambayo mwanzoni tuliiona kama ugonjwa wake, ilikuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa kizima ndani yake.

Nchini Rwanda, mahakama za Gacaca zilizoanza kazi nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa 2012 zilisikiliza watu wengi wakikiri mauaji ya kimbari ya 1994. Wako waliotaja utawala mbaya, wako waliotaja kundi walilokuwa nalo, wako waliomtaja shetani. Waliofiwa walikaa kwenye nyasi wakasikiliza. Kilichokuwa kikitafutwa pale, pamoja na mahali ilipo miili, mara nyingi kilikuwa ni hiki: je, jirani yangu, tuliyechangia naye kisima, alisita? Alisimama nje ya mlango hata dakika moja? Swali hilo mahakama haina chombo cha kulijibu. Shakespeare hakulijibu pia kwa ajili ya mtu yeyote wa Rwanda, na si haki kumbebesha mzigo huo. Alichofanya ni kutuonyesha mtu mmoja aliyesita, kwa undani wote, akaendelea.

Toba iliyokwama

Kuna muuaji mwingine wa Shakespeare ambaye waliorejea watamsikiliza kwa masikio mengine. Naye ni Claudius, mfalme wa Denmaki katika Hamlet. Huyu amemuua kaka yake kwa kumtia sumu sikioni akiwa amelala bustanini, akachukua taji na akamwoa mjane. Usiku mmoja, baada ya kuonyeshwa mchezo wenye kisa kama chake, dhambi inamkaba. Anabaki peke yake, anataka kusali.

Anajua kosa lake ni lile la Kaini na analitaja hivyo. Anajua kwamba mvua ya rehema inaweza kuosha hata mkono uliotapakaa damu ya ndugu. Kisha anakwama. Aombe vipi? Aseme nisamehe mauaji yangu? Hawezi, kwa sababu vile vitu alivyovifanyia mauaji bado anavyo: taji, ukubwa, na yule mwanamke. Anajiuliza kama mtu anaweza kusamehewa huku amekishikilia alichokipata. Anakubali kwamba duniani, mbele ya mahakama za watu, mara nyingi inawezekana, maana mali ya wizi huinunua sheria. Juu huko, anasema, haiendi hivyo.

Mtu aliyevuka mpaka kurudi Burundi miaka ya 2000, baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, akakuta kwenye shamba la baba yake nyumba ya bati ya mtu mwingine, hahitaji mhadhiri wa kumfafanulia hotuba hiyo. Amekwishaambiwa "yaliyopita si ndwele, ndugu yangu" na mtu aliyekuwa akimmenyea parachichi la mti alioupanda marehemu babu. Nisieleweke vibaya. Si kila aliyekaa kwenye ardhi ya mkimbizi ni Claudius. Wako waliogawiwa na serikali, wakalima miaka thelathini kwa jasho lao, na watoto wao hawajui kwingine. Hao wana kesi yao na ni nzito. Ninayemsema mimi ni yule anayejua.

Claudius anapiga magoti kwa shida. Wakati huo Hamlet, mtoto wa marehemu, anapita na upanga, anamwona. Angeweza kummaliza. Anajizuia, naye akijisemea kwamba akimuua katika sala atampeleka mbinguni moja kwa moja. Anaondoka. Ndipo Claudius anapoinuka na kukiri kwamba sala yake haikupanda, maneno yalikwenda na moyo ukabaki chini. Hamlet hakulisikia hilo. Watu wawili wamejisemea katika chumba kimoja, umbali wa hatua chache, kila mmoja kiziwi kwa mwenzake, na katika tamthilia hiyo zitafuata maiti nyingi kwa sababu ya nusu dakika hiyo.

Brutus nitamtaja kwa ufupi, kwa heshima ya Mwalimu. Usiku bustanini kwake, naye hana ugomvi binafsi na Kaizari na anasema hivyo. Lakini hotuba yake ina kasoro ambayo haionekani mara ya kwanza: inaanza na hukumu. Kwanza anasema Kaizari lazima afe, ndipo anatafuta sababu, na anapoikosa katika matendo ya Kaizari anaitafuta katika matendo ambayo huenda Kaizari akayafanya baadaye akivishwa taji. Macbeth alitafuta sababu za kuua akakosa, akaua. Brutus alizikosa akazitunga, akaua akiwa na amani. Kwa maoni yangu Brutus ndiye wa kuogopwa zaidi madarakani.

Bibi anayenawa

Kuhusu mke wa Macbeth: huyu aliyemcheka mumewe kwa kuogopa, aliyesema maji kidogo tu yatawasafisha, mwishoni anaamka usiku akiwa usingizini, ana taa mkononi, maana ameamuru asiachwe gizani. Anaiweka, anasugua mikono. Anazungumza. Kwa ufundi huku si kujisemea hasa, kwa sababu daktari na mtumishi wake wamejificha wanasikiliza, lakini yeye hajui. Wakati mumewe alijisemea kwa mashairi yaliyopangika, bibi huyu anatoa vipande vipande visivyofuatana: saa imegonga, mzee alikuwa na damu nyingi hivi, mke wa Macduff yuko wapi sasa, mikono hii haitatakata? Aliyeyabana yote moyoni tangu mwanzo, yanamtoka yenyewe bila ruhusa. Daktari anaandika anayoyasikia, kisha anasema ugonjwa huu si wake, mgonjwa anamhitaji kiongozi wa dini kuliko tabibu. Simon Forman, ambaye naye alitibu watu, ni onyesho hilo alilolikumbuka katika maandishi yake, pamoja na mzimu wa Banquo kukaa kwenye kiti cha mfalme karamuni. Kisu cha hewani hakukitaja.

Bibi anakufa ndani ya ngome huku maadui wanakaribia. Kilio cha wanawake kinasikika. Macbeth anasema zamani kilio kama hicho kingemsisimua mwili, sasa amezoea. Anapoambiwa ni mkewe, anatamka yale maneno mashuhuri kuhusu siku zinazoburuzana moja baada ya nyingine hadi mwisho wa nyakati, na maisha kama mwigizaji anayehangaika jukwaani kwa saa yake kisha hasikiki tena. Wengi huyatamka kama hekima ya dunia. Mimi huyasoma kama taarifa ya mtu aliyeapa kutoutazama moyo wake, akaja kuuchungulia siku ya msiba, akakuta hakuna kitu. Hamtaji mkewe hata kwa jina. Halii.

Kisha anakwenda vitani na kuuawa na Macduff. Kichwa chake kinaletwa. Malcolm, mtoto wa Duncan na mfalme mpya, anamtaja mara moja tu katika hotuba yake ya ushindi, na anamwita mchinjaji. Hakosei. Ila Malcolm usiku ule alikuwa ndani, kwenye karamu, pamoja na baba yake.